Usiri wa Mgonjwa na Wajibu wa Mfamasia wa Kueleza Usalama wa Dawa nchini Tanzania: Ufafanuzi wa Kisheria

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya sheria zinazolinda taarifa za afya za mgonjwa na wajibu wa mfamasia wa kumweleza mgonjwa huyo hatari zinazoweza kutokana na dawa anayopewa. Ufafanuzi umejikita nchini Tanzania, hususan baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hoja kuu ni kwamba sheria haimzuii mfamasia kuzungumza na mgonjwa kuhusu dawa yake. Inachodhibiti ni nani mwingine anayesikia, anayesoma au anayehifadhi taarifa hizo. Hata hivyo, sheria hiyo inalinda zaidi taarifa zilizoandikwa kuliko zile zinazotamkwa, ilhali sehemu kubwa ya mawasiliano ya mfamasia hufanyika kwa sauti, mbele ya foleni. Kwa kutumia mifano ya dawa nne, makala yanaonesha kwamba usiri si kikwazo cha usalama wa dawa bali ni sharti lake.

1.0 Utangulizi

Katika hospitali na vituo vingi vya afya nchini Tanzania, safari ya mgonjwa huishia kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa huyo amekwisha kuonana na daktari katika chumba kilichofungwa, na pengine amekwisha kupimwa katika maabara yenye mlango. Anapofika dirishani, husimama mbele ya watu wengine wanaosubiri, na mazungumzo yake na mfamasia au mtoa dawa hupita katika tundu dogo la kioo. Hali haitofautiani sana katika famasi za mitaani na katika Maduka ya Dawa Muhimu, ambayo mpango wake ulianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuboresha huduma iliyokuwa ikitolewa na maduka ya dawa baridi. Kaunta ya duka huwa moja, na wateja husimama bega kwa bega.

Mahali hapo ndipo mgonjwa anapopaswa kuelezwa namna ya kutumia dawa, vyakula na dawa nyingine za kuepuka, dalili za hatari na hatua za kuchukua dalili hizo zinapojitokeza. Maelezo hayo yana uzito wa uhai. Wakati huohuo, jina la dawa mara nyingi hutaja ugonjwa. Anayemsikia mfamasia akitaja dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, dawa ya kifafa au dawa ya kaswende amekwisha kujua jambo ambalo mgonjwa hakumwambia.

Kutokana na hali hiyo, watoa huduma hukabiliwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kunyamaza, kwa maana ya kukabidhi bahasha yenye alama ya 1×3 na kumwita mgonjwa anayefuata. Cha pili ni kusema yote kwa sauti inayosikika hadi mwisho wa foleni. Wa kwanza hujitetea kwa usiri, wa pili kwa usalama. Makala haya yanachunguza iwapo sheria inauunga mkono utetezi wowote kati ya huo.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Dhana mbili zinahitaji kutofautishwa. Faragha ni haki ya mtu kuamua nani ajue mambo yake na kwa kiwango gani. Usiri ni wajibu wa yule aliyekwisha kuyajua mambo hayo kwa sababu ya kazi yake. Mgonjwa ana faragha, na mfamasia ana usiri. Tofauti hii ina matokeo ya kisheria: mgonjwa anaweza kuiachilia faragha yake kwa kumweleza jirani anachougua, lakini mfamasia hana mamlaka ya kuuachilia usiri kwa niaba ya mgonjwa.

Inafuata kwamba usiri hauwezi kuvunjwa kwa kumweleza mgonjwa habari za mgonjwa mwenyewe. Mfamasia anayemtahadharisha mgonjwa kuhusu dawa yake hatoi siri kwa mtu wa nje. Anairejesha taarifa kwa mwenye nayo. Kosa hutokea pale tu taarifa hiyo inapomfikia mtu wa tatu.

Hekima ya jamii imekwisha kulitazama jambo hili kutoka upande wa mgonjwa. Methali zisemazo mficha uchi hazai na mficha maradhi kifo humuumbua humhimiza mgonjwa ajifunue kwa anayemtibu. Hata hivyo, methali hizo zina sharti lisilotamkwa: anayefunuliwa lazima awe mtu wa kusitiri. Mgonjwa asiye na hakika ya sitara huficha, na akificha, mfamasia hukosa taarifa anayoihitaji ili kuzuia madhara. Kwa mantiki hiyo, usiri hutangulia usalama.

3.0 Mfumo wa Kisheria

Msingi wa faragha nchini Tanzania ni ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi, na ibara ya 18 inagusa haki ya kupata taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara hizo zikisomwa pamoja, Katiba haiiweki faragha juu ya uhai wala uhai juu ya faragha, bali inadai vyote viwili vilindwe.

Chini ya Katiba zipo sheria mahususi. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inaliweka Baraza la Famasi kuwa msimamizi wa taaluma na maadili ya wanataaluma Tanzania Bara. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inawataka wanaoshughulikia taarifa za kitabibu kutunza siri, hususan utambulisho na hali ya watu wanaoishi na virusi. Udhibiti wa ubora na usalama wa bidhaa uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyopata jina hilo mwaka 2019.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ndiyo iliyoleta mabadiliko makubwa zaidi. Inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti, ambazo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Hata hivyo, inatambua mazingira ambamo uchakataji ni wa lazima, yakiwamo ya tiba inayotolewa kwa maslahi ya mhusika chini ya usimamizi wa mtaalamu wa afya. Kutoa maelezo kuhusu dawa ni sehemu ya tiba, hivyo mfamasia hahitaji ridhaa nyingine ya maandishi ili amwambie mgonjwa kwamba dawa fulani inaweza kumdhuru. Utetezi wa kunyamaza kwa sababu ya usiri hauna mashiko katika sheria hii.

Utetezi wa pili, ule wa kusema kwa sauti, unahitaji uchambuzi wa kina zaidi. Sheria hiyo inafasili taarifa binafsi kuwa ni zile zinazomhusu mtu anayeweza kutambulika na ambazo zimewekwa katika kumbukumbu za namna yoyote. Kwa fasili hiyo, rejista ya famasi, cheti cha dawa, ujumbe wa simu na mfumo wa kompyuta vimo ndani ya ulinzi wake. Neno lililotamkwa dirishani bila kuandikwa popote linaacha shaka. Inaweza kujengwa hoja kwamba mtoa dawa aliyesoma cheti kwa sauti ametumia taarifa iliyo katika kumbukumbu, na kwa hiyo ameichakata. Hoja hiyo haimfikii kirahisi yule anayeuliza kwa sauti, na jibu likasikika, bila chochote kuandikwa kabla wala baada.

Hivyo, ulinzi mpya una nguvu juu ya daftari kuliko juu ya sauti. Sauti inabaki chini ya ibara ya 16 ya Katiba, maadili ya taaluma na, kwa wagonjwa wa virusi vya UKIMWI, sheria ya mwaka 2008. Vyanzo hivyo vina uzito wa kisheria, lakini havimpi mgonjwa njia nyepesi ya kudai haki yake kama ile ya kulalamika katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Umuhimu wa pengo hili unaonekana zaidi katika mifano ya dawa zenyewe.

4.0 Dawa, Siri na Hatari: Mifano

4.1 SP na kotrimoksazoli

Mjamzito anayehudhuria kliniki hupewa vidonge vya SP kwa vipindi ili kuzuia malaria. Mjamzito anayeishi na virusi vya UKIMWI na anayetumia kotrimoksazoli kila siku, dawa ambayo wengi huiita septrini, hapaswi kupewa SP. Dawa zote mbili zina kiambato cha kundi la salfa, na zikitumiwa pamoja huongeza uwezekano wa madhara makali, yakiwamo ya ngozi kubabuka.

Hapa swali la usalama na swali la siri ni swali moja. Kumwuliza mjamzito mbele ya wenzake iwapo anatumia septrini kila siku ni karibu sawa na kumwuliza hali yake ya maambukizi. Akiulizwa hadharani, upo uwezekano mkubwa wa kukana, na akikana atapewa SP. Katika hali hiyo, kukosekana kwa faragha ndiko kulikozaa hatari ya kitabibu. Suluhisho si kuacha kuuliza, bali ni kuuliza mahali ambapo jibu la kweli linawezekana.

4.2 Rifampisini na vidonge vya uzazi wa mpango

Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huharakisha uvunjwaji wa homoni zilizo katika vidonge vya uzazi wa mpango na kupunguza nguvu yake. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6, muda unaotosha kabisa mwanamke kupata mimba asiyoitarajia. Dawa za kifua kikuu hutolewa katika vituo vya afya, ilhali vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kununuliwa katika duka la dawa lisilo na kumbukumbu zozote za kituo hicho. Mtu pekee anayeziunganisha dawa hizo mbili ni mgonjwa mwenyewe.

Baadhi ya wanawake hutumia uzazi wa mpango bila waume zao kujua. Mwanamke anayesindikizwa kituoni na mumewe hatakiri matumizi hayo akiulizwa mbele yake. Njia inayolinda pande zote ni kutoa tahadhari kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa anayeanzishiwa rifampisini, kwa kauli ya jumla isiyodai jibu, kisha kumpa nafasi ya kurudi peke yake. Tahadhari inayotolewa kwa wote haimfichui yeyote. Kanuni hii inafaa kwa dawa nyingi.

4.3 Dolutegraviri

Tarehe 18 Mei 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dolutegraviri, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI. Utafiti wa Tsepamo nchini Botswana ulikuwa umebaini watoto 4 wenye kasoro za mfumo wa neva miongoni mwa 426 waliozaliwa na mama waliokuwa wakitumia dawa hiyo tangu kabla ya kushika mimba, sawa na asilimia 0.94. Nchi kadhaa ziliweka masharti kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Takwimu zilipoongezeka, kiwango kilishuka hadi watoto 5 kati ya 1,683, sawa na asilimia 0.30, na Julai 2019 Shirika hilo likaipendekeza dawa hiyo kwa watu wazima wote, wanawake wakiwamo.

Tukio hilo linafundisha mambo mawili. Kwanza, taarifa za usalama hubadilika, hivyo maelezo ya siku ya kwanza hayatoshi; lazima iwepo njia ya kumfikia mgonjwa baadaye. Pili, njia hiyo yenyewe inaweza kuwa chanzo cha kufichuka. Ujumbe unaotaja dolutegraviri ukiingia katika simu inayotumiwa na familia nzima umekwisha kutangaza maambukizi, hata kama lengo lake lilikuwa kumlinda mama na mtoto.

5.0 Mawasiliano Nje ya Dirisha

5.1 Simu na mwakilishi

Ujumbe wa simu ni kumbukumbu, na kwa hiyo umo moja kwa moja ndani ya Sheria ya mwaka 2022. Misingi ya sheria hiyo, hususan ya kutumia taarifa kwa lengo lililokusudiwa na kwa kiasi kinachohitajika tu, inatoa mwongozo wa vitendo. Ujumbe unaomwomba mhusika afike au apige simu kuhusu dawa aliyochukua unatimiza lengo la usalama bila kutaja jina la dawa, ugonjwa wala kliniki. Namba itakayotumiwa inapaswa kuulizwa kwa mgonjwa mwenyewe, pamoja na swali la nani mwingine huishika simu hiyo.

Suala la mwakilishi ni gumu zaidi. Ni desturi mtoto kutumwa dawa za bibi, au mke kuchukua dawa za mume. Kukataa kabisa kutoa dawa kwa mwakilishi kungewaumiza wazee na wagonjwa wasiojiweza. Kumpa mwakilishi maelezo yote ni kudhani kwamba ridhaa ya kubeba dawa ni ridhaa ya kujua ugonjwa. Mambo hayo mawili ni tofauti. Mwakilishi anaweza kuelezwa kipimo, muda wa kumeza na dalili zinazohitaji kurudi hospitalini upesi, huku sababu ya dawa ikibaki kwa mgonjwa.

5.2 Kuondolewa kwa dawa sokoni

Aprili 2024, mamlaka ya udhibiti ya Nigeria ilitangaza kwamba vipimo vyake vimegundua kiwango kikubwa cha daithilini glikoli, kemikali yenye sumu, katika toleo moja la sharubati ya watoto ya Benylin Paediatric. Mtengenezaji alieleza kwamba vipimo vyake havikuikuta kemikali hiyo. Nchi sita za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliagiza toleo husika liondolewe sokoni.

Chupa iliyo rafuni inaweza kurejeshwa na muuzaji, lakini iliyokwisha kuingia nyumbani haimwoni mkaguzi. Mtu anayenunua sharubati ya kikohozi haachi jina dukani, na hivyo mfamasia hana namna ya kumtafuta. Tangazo la redio na magazeti ndilo linalobaki. Hapa kinachozuia mawasiliano ni kukosekana kwa kumbukumbu, si sheria ya faragha. Famasi inayoamua kuandika namba za simu za wateja kwa ajili ya tahadhari kama hizo inaruhusiwa kufanya hivyo, mradi iwe imejisajili katika Tume, ieleze lengo, itunze kumbukumbu kwa usalama na isizigeuze kuwa orodha ya matangazo. Sheria inampa mhusika haki ya kuzuia taarifa zake kutumika kwa matangazo ya biashara. Tahadhari ya usalama si tangazo; lakini ujumbe unaoanza na tahadhari na kuishia na punguzo la bei umepoteza kinga hiyo.

5.3 Taarifa kwa Mamlaka

Mfamasia anapopokea malalamiko ya madhara ya dawa hutakiwa kuyawasilisha TMDA, ikiwamo kwa fomu ya njano. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa ufuatiliaji wa usalama wa dawa mwaka 1993. Ufuatiliaji huo unahitaji umri, jinsi, dawa, tarehe na madhara yaliyojitokeza, na haulazimu jina kamili la mgonjwa kusafiri pamoja na taarifa. Kifupisho cha jina au namba ya jalada hutosha kumtambua kituoni bila kumtambulisha kwingine. Mgonjwa akielezwa hivyo, hofu ya kuripoti hupungua.

6.0 Mlinganisho Mfupi

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inaviweka vipengele vyote viwili wazi: ibara ya 31 inalinda faragha, na ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata taarifa anazozihitaji na kulindwa afya na usalama wake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaruhusu data za afya kuchakatwa na mtoa huduma za afya, chini ya uangalizi wake, au na mtu anayebanwa na wajibu wa usiri. Msingi wa ruhusa hiyo ni wadhifa wa mtu na wajibu wake, jambo linalompa mfamasia wa Kenya uwanja ulio wazi wa kufanya kazi yake.

Marekani inatoa funzo la aina nyingine. Kanuni za faragha chini ya sheria ya HIPAA ya mwaka 1996 zinahesabu maelezo ya mfamasia kuwa ni tiba. Marekebisho ya mwaka 2002 yalikiri kwamba neno linaweza kusikika kwa bahati mbaya hata pale mtoa huduma alipochukua tahadhari za kutosha, na hayakulihesabu hilo kuwa kosa. Kanuni za mwaka 2013 zilishughulikia famasi zinazolipwa na makampuni ya dawa ili kuwakumbusha wagonjwa kuendelea na dawa zao: vikumbusho viliruhusiwa pale tu malipo yanapoendana na gharama za kuviandaa. Kwa hiyo, kanuni hizo zinaigusa sauti moja kwa moja na kudai tahadhari zinazopimika, jambo ambalo sheria ya Tanzania bado halijaliweka bayana.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi umeonesha kwamba hakuna sheria ya Tanzania inayomtaka mfamasia anyamaze mbele ya mgonjwa kuhusu hatari za dawa ya mgonjwa huyo, wala inayomruhusu kuzitangaza. Mgongano unaodhaniwa kuwapo kati ya usiri na usalama hautokani na maneno ya sheria, bali na dirisha lisilo na sitara, kukosekana kwa kumbukumbu na mazoea ya kuuliza kwa sauti.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, kanuni chini ya Sheria ya mwaka 2022, au miongozo ya Baraza la Famasi, zinapaswa kutamka wazi kwamba taarifa ya afya iliyotamkwa wakati wa kutoa dawa inalindwa sawa na iliyoandikwa, na kwamba mtoa huduma aliyechukua tahadhari za kutosha hatahukumiwa kwa neno lililoponyoka. Pili, ukaguzi wa famasi na Maduka ya Dawa Muhimu uhusishe mahali pa mazungumzo: pembe ya kaunta, mstari wa kusubiria, au kiti pembeni. Hayo hayahitaji gharama kubwa. Tatu, mafunzo ya watoa dawa yafundishe namna ya kuuliza na kutahadharisha bila kufichua, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa anakielewa.

Kipimo cha mwisho ni yule mjamzito anayetumia septrini. Iwapo anaweza kuijibu kweli swali analoulizwa bila kuitazama foleni iliyo nyuma yake, sheria imefanya kazi yake. Iwapo hawezi, hata kumbukumbu zikitunzwa kwa ufunguo, vidonge vya SP vitaendelea kumfikia mkononi.